Huyu bwana wa ndoo moja atatumalizia magari Mombasa nzima

Mwana_wa_Kuze
Simtaji. Mwamjua. Yule muosha magari wa kofia ya samawati, hawezi kumwaga maji bila kuwasha simu. Jana amekuja mubashara tena, saa saba mchana, jua la utosi, boneti yafuka moshi, akasema sisi wenye ndoo mbili twaogesha gari kama bibi harusi.

Haya, tusi nimelimeza. Lakini kitambaa kikamponyoka. Kikaanguka mchangani. MCHANGANI. Akakiokota, akakipiga kwenye paja, puu puu, akarudi nacho kwenye boneti. Nyeusi! Na hakugusa kwa upole, alikandamiza kwa kiganja, duara juu ya duara, huku atabasamu.

Klia ya kiwandani, yaani lile tabaka angavu juu ya rangi, ni maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele wako. Gari lile likiegeshwa chini ya taa za kituo cha mafuta usiku, mpita njia atashikwa na kizunguzungu kwa mikwaruzo ya duara.

Kuosha ni kuutoa mchanga kabla hujaigusa rangi. Rimu kwanza, kwa brashi yake na maji yake, maana vumbi la breki lina chembe za chuma. Kisha mwagia gari zima maji matupu kutoka juu. Mtungi mmoja wa lita 20 watosha ndoo zote mbili: nusu maji ya shampuu, nusu maji matupu ya kusuuzia glavu. Paa, vioo, boneti, milango, na sehemu za chini mwisho, kwa sababu huko ndiko mchanga ulikolala. Kila ukimaliza pande moja, glavu ndani ya maji matupu kwanza. Ikianguka chini haigusi tena rangi siku hiyo. Haipigwi paja!

Na bwana yule alitia sabuni ya unga konzi mbili. Chembe zaonekana hazijayeyuka. Nta yote imekwenda, na hapa pwani nta ndiyo kinga yako ya chumvi.

Kizingo_Kivulini
Nimeirudia video kwa ajili yako. Paja alilipiga mara tatu, si mbili. Tuwe waadilifu.

Mwana_wa_Kuze
Mara tatu! Mchanga uleule, sasa umeongezewa nyuzi za jinzi.

Buda_Mwembe
Ndoo mbili, brashi mbili, glavu mbili. Na gari lenyewe ni Probox 😂

Mwana_wa_Kuze
Probox nayo ina klia.

Buda_Mwembe
Ya kwangu ina kutu na stika ya bima. Nipige paja mara ngapi?

Polishi_Kikowani
Kabla hamjamzika: mikwaruzo ile ya duara hutoka, ila msikimbilie kompaundi, ile polishi kali. Chagua kipande cha sentimita 50 kwa 50, ujaribu polishi laini na sponji laini. Ikitosha, ishia hapo. Isipotosha ndipo kompaundi, halafu polishi kuondoa ukungu wake. Kumbuka huzibi mkwaruzo, wapunguza klia mpaka ufikie kina chake. Kwa hiyo si kazi ya kila mwezi. Kwenye kona na mikunjo ya boneti weka utepe, hapo klia ni nyembamba na mashine hula haraka. Mkwaruzo ukinasa kucha, uache, ni wa mpiga rangi.

Mwana_wa_Kuze
Umesikia? Kazi yote hiyo kwa sababu ya PAJA.

Bamburi_Kisimani
Nyinyi mwalia na mchanga, sisi twalia na maji. Kisima kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kila tone likikauka laacha pete nyeupe. Huyo bwana wenu angalau ana maji ya mfereji.

Polishi_Kikowani
Osha na ya kisima, ila lita tano za mwisho ziwe maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe papo hapo kwa taulo la mikrofaiba, kivulini. Pete zikishakaa: siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, gusa kwa dakika moja, suuza. Chumvi tupu huondoka kwa maji, chokaa ndiyo yataka siki. Na taulo hilo usilifue na dawa ya kulainisha nguo, halitanyonya tena.

Mwana_wa_Kuze
Sawa, siki, lakini turudi kwenye kitambaa

Tononoka_Juu
Kunguru je? KWS, shirika la wanyamapori, ilitangaza mwaka 2024 kuwaangamiza milioni moja. Waliobaki wote wako kwenye mwarobaini wa kwetu, wangoja nimalize nta.

Kizingo_Kivulini
Usikwangue. Weka kitambaa kibichi juu ya kinyesi dakika kumi, kilainike, kisha kinyanyue. Kinyesi kikipigwa jua mchana kutwa, alama yabaki kwenye klia yenyewe.

Feri_Kila_Siku
Hebu achaneni na juu. Nani anawaambia watu wapulize dizeli chini ya gari ati ni dawa ya kutu? Mpira wa bushi huvimba kwa mafuta, na dizeli yenyewe hunasa vumbi. Pitisha maji baridi chini, hasa ndani ya matao ya magurudumu, na uzibue vile vitundu vya chini ya milango kwa kijiti cha plastiki. Msumari utakwangua rangi na kutu itaanzia hapo. Maji yakituama ndani ya mlango, kutu hula kutoka ndani, wewe waona rangi safi tu nje.

Buda_Mwembe
Uzi umekuwa chuo kikuu. Mwana wa Kuze ameenda wapi?

Dada_wa_Tudor
Samahanini, zulia la mbele lanuka uvundo kila baada ya kuosha ndani. Nimemwaga manukato, sasa lanuka uvundo wa waridi.

Mwana_wa_Kuze
Dada, uzi huu ni wa

Feri_Kila_Siku
Ni upande wa abiria pekee? Maji yaliyolowesha zulia yanateleza, yana harufu tamu?

Dada_wa_Tudor
Abiria pekee. Maji matupu, hayanuki.

Feri_Kila_Siku
Basi si kulanti, maji ya kupozea injini. Ni mpira wa kutoa maji ya AC, umeziba. Washa AC gari likiwa limesimama, uchungulie chini baada ya robo saa. Kwa unyevu wa hapa lazima yadondoke. Yasipodondoka, zibua kutokea chini, kwa upole, mpira ule huchomoka. Halafu zulia liinue kabisa, lianikwe. Kuna sponji chini yake, hiyo ndiyo inayooza, na kwa juu utadhani pamekauka.

Dada_wa_Tudor
Shukran kaka. Na vakyum yaweza kunyonya maji hayo?

Buda_Mwembe
Kama ni ya maji. Ya mkeo usiguse.

Dada_wa_Tudor
Mimi ndiye mke.