Kereng'ende wa Muheza na Amani: wekundu, wa buluu na wale wembamba nawatofautishaje?

Majaruba_Tanga

Wakuu habari za humu. Naombeni msaada wa kutambua kereng'ende. Maeneo ni mawili: mabwawa ya samaki na majaruba ya mpunga upande wa chini wa Muheza, na kijito chenye kivuli njia ya kupanda Amani. Picha ni za simu, karibu zote zimepigwa kutokea juu.

1. Wekundu wa bwawani. Naona kama ni wa aina tatu. Mmoja ana tumbo pana, bapa, na hata miguu ni myekundu. Wa pili ni mwembamba zaidi, ana weusi ubavuni kuelekea mwisho wa tumbo. Wa tatu hukaa kwenye ncha kabisa ya tete na ana doa jeusi kwenye shina la bawa la nyuma.
2. Wa buluu wa kama majivu. Wako kila mahali na kwangu wote wanafanana.
3. Wembamba weusi wenye buluu mwishoni mwa tumbo, majarubani.
4. Wa njano wanaojaa juu ya uwanja wa mpira mvua za vuli zikianza. Hawatui hata kidogo.

Programu ya simu imeniambia wekundu wote ni *Crocothemis servilia*. Ni kweli?

---

Bawa_Wazi

Hapana mkuu. *C. servilia* ni wa Asia, huku kwetu hayupo. Programu hizi zinalinganisha picha na picha, na zile zilizopakiwa kutoka Asia ni nyingi kuliko za Tanga. Kabla ya kukubali jina, fungua ramani ya spishi hiyo. Kama Afrika Mashariki haina hata alama moja, achana nalo.

Wekundu wako watatu umeshawaeleza vizuri, umebakiza majina tu.

Wa kwanza ni *Crocothemis erythraea*, dume aliyekomaa: tumbo bapa lisilo na weusi wa kueleweka, uso mwekundu, miguu myekundu, na rangi ya asali kwenye shina la bawa la nyuma. Ukimkuta mdogo kidogo, tumbo jembamba, amekaa kwenye mawe ya mto unaotiririka, mfikirie ndugu yake *C. sanguinolenta*.

Wa pili anaelekea *Trithemis arteriosa*. Miguu ni myeusi, mishipa ya mabawa ni myekundu, na ule weusi wa ubavuni unaongezeka kadiri unavyokaribia mwisho wa tumbo. Usimchanganye na *T. kirbyi*, ambaye ana doa kubwa la rangi ya chungwa kwenye mabawa yote manne na anapenda kukaa juu ya mawe yenye joto. Yupo pia *T. annulata*. Huyu wekundu wake umefunikwa na unga wa zambarau, na kwa mbali anaonekana wa waridi.

Wa tatu ni *Urothemis assignata*. Kuna njia ya kuhakikisha bila kutegemea rangi: hesabu mishipa midogo ya kukingama kwenye ukingo wa mbele wa bawa la mbele, kuanzia kifuani mpaka kwenye kile kifundo cha katikati ya bawa. *Urothemis* wanayo michache, 6 hadi 8, iliyoachana. Picha yoyote kali ya bawa inakupa jibu. *Tramea* naye ana doa kwenye shina la bawa, lakini huyo anashinda hewani na doa lake ni pana zaidi.

Sasa kasoro kubwa: picha zako ni za mgongoni tu. Piga ya ubavuni, simu iwe usawa wa mdudu na sambamba na mwili wake, ili kuanzia kichwani mpaka ncha ya tumbo kuwe kwenye fokasi moja. Ubavu wa kifua ndiko iliko michirizi, na chini ya pingili ya 2 ya tumbo ndiko viliko viungo vya dume. Ukikosa hivyo viwili, nusu ya spishi zinabaki "labda".

Na usiongeze spishi ya nne kwa sababu ya mmoja wa njano-kahawia aliyekaa karibu na wekundu. Madume machanga yana rangi ya majike. Jike la *C. erythraea* utalijua kwa mstari mweupe unaopita mgongoni kati ya mabawa.

---

KijitoKivuli

Namba 2 ni *Orthetrum*, na hapo hata wazoefu wanakwama, kwa hiyo usijilaumu. Ule ubuluu ni unga unaotoka mwilini dume akikomaa, nao unafunika alama zote za chini. Aliyezeeka kabisa hana cha kusomeka mgongoni. Ukipata mwenye unga nusu, yaani kifua bado kina michirizi, mpige huyo kwanza.

Kwa majarubani mwangalie *O. chrysostigma*: mstari mweupe ubavuni mwa kifua uliozungushiwa weusi, na tumbo lenye kiuno kidogo karibu na mwanzo wake. *O. trinacria* ni mrefu na tumbo lake jembamba linavuta jicho hata akiwa mbali. Wa kijitoni kwenye kivuli anaweza kuwa *O. julia*, lakini kwa makazi pekee usimpe jina.

Wanaobaki wanaamuliwa na umbo la vile vikulabu chini ya pingili ya 2. Ama upate picha ya ubavuni ya karibu sana, ama umshike. Wavu wenye mdomo wa sentimita 40 unatosha. Mfuate kwa nyuma, pitisha haraka kisha geuza mpini ili mfuko ujifunge. Mkunjie mabawa yote manne juu ya mgongo, umshike kwa kidole gumba na cha shahada. Usishike miguu, inakatika. Mwenye mabawa yanayong'aa kama nailoni mpya, mwili laini na rangi hafifu, mwache: ametoka kwenye gamba la tunutu (kereng'ende mchanga anayeishi majini) muda si mrefu na bawa likijikunja halinyooki tena. Ndani ya hifadhi ya Amani usikamate bila kibali, piga picha tu.

Nyongeza: majaruba na mabwawa yaliyotuama yana kichocho. Vaa gambuti.

---

Majaruba_Tanga

Asanteni sana wakuu. Namba 3 na 4 bado. Halafu kijitoni kuna mwembamba mwingine, miguu yake ina weupe na wekundu, anaipunga mbele ya jike. Na msituni yuko mmoja mrefu ajabu, mwembamba kama uzi, mbali na maji kabisa. Nao ni kereng'ende?

---

Pingili_10

Wote ni kereng'ende, kundi la wembamba. Macho yao yameachana pande mbili za kichwa na mabawa ya mbele na nyuma yanalingana umbo. Kundi la pili, wanene, wana bawa la nyuma pana zaidi kwenye shina. Kigezo cha "akitua anakunja mabawa" kinadanganya: *Lestes* ni wembamba na hutua wakiwa wameyaacha nusu wazi. Macho nayo yana mtego wake, maana wanene wa jamii ya *Ictinogomphus* wana macho yaliyoachana. Tazama vyote viwili, macho na mabawa.

Kwa namba 3, hesabu pingili kutokea nyuma. Tumbo lina 10. Anza na ya mwisho, 10, rudi 9, kisha 8. Buluu ikiwa kwenye ya 8, na mgongo wa 9 na 10 ni mweusi, huyo ni *Ischnura senegalensis*, wa kawaida sana majarubani. Mwangalie pia kidoa kilicho karibu na ncha ya bawa la mbele la dume: ni rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Buluu ikishika 8 na 9 zote mbili, nenda kwa *Pseudagrion*, na hapo jiandae, kwa sababu spishi ni nyingi na zinaamuliwa na vikoleo (vishikio vya kumshikia jike) vya mwisho wa tumbo la dume. Piga ncha ya tumbo kutokea juu na kutokea ubavuni. Majike ya *Ischnura* yanakuja kwa rangi tofauti, hata chungwa. Ukiliona la chungwa usikimbilie *Ceriagrion glabrum*. Huyo wa pili ni chungwa tupu, hana michirizi kifuani, na macho yake yana ukijani.

Yule anayepunga miguu ni *Platycypha*. Mabawa yake ni marefu kuliko tumbo na uso umetokeza mbele kama pua. *P. caligata* ameenea sana Afrika Mashariki, dume ana miguu bapa yenye wekundu na weupe, lakini milima ya Tao la Mashariki, Usambara ikiwemo, ina *P. auripes* pia. Usiandike jina bila picha safi ya miguu.

Yule mrefu wa msituni nadhani ni *Coryphagrion grandis*, wa misitu ya pwani na vilima vyake kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Hana haja ya kijito: tunutu wake hukulia kwenye maji yaliyotuama ndani ya matundu ya miti. Ndugu zake wa karibu wako misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, jambo ambalo mimi bado naliona la ajabu kupita yote kwenye wadudu hawa. Ukiwa kule juu fungua macho kwa *Amanipodagrion gilliesi* pia, anayejulikana Usambara Mashariki tu na yuko hatarini kabisa kutoweka. Ukimpata, rekodi mahali na tarehe, ila usitangaze sehemu kamili.

---

Bawa_Wazi

Namba 4 ni *Pantala flavescens*. Tumbo la dhahabu lenye vidoa vyeusi mgongoni karibu na mwisho, bawa la nyuma pana na halina doa shinani. Akichoka hung'ang'ania kijiti akining'inia wima, ndiyo maana unadhani hatui. Mtafute vichakani jioni au mawingu yakitanda. Kama kuna kiraka cha buluu mwanzoni mwa tumbo, huyo si *Pantala*, ni *Anax ephippiger*, msafiri mwingine.

Kufika na vuli si bahati. Mwaka 2009 Charles Anderson, aliyekuwa akiwafuatilia kule Maldivi, alionyesha kwamba makundi hayo hupita visiwani kuanzia Oktoba yakitoka upande wa India, na akaeleza kwamba yanasukumwa na pepo za ukanda wa mvua kuvuka bahari mpaka Afrika Mashariki. Huku hutaga kwenye madimbwi ya muda, na tunutu anaweza kukomaa ndani ya wiki sita hadi tisa, dimbwi likidumu. Hudanganywa pia na vitu vinavyong'aa, kwa hiyo ukiona jike linachovya ncha ya tumbo juu ya boneti ya gari, linataga pale.

Ukipakia picha zako upya weka za ubavuni, tarehe, saa, na kama ni maji yanayotiririka au yaliyotuama. Ya wekundu wa pili niitie, nataka kuona miguu.