Mrejesho: shule ya kimataifa ya lugha mbili, tumeamua hivi

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kama binti yetu wa miaka 4 aanze shule ya kimataifa chekechea mpaka amalize huko huko, hofu yangu Kiswahili kitapotea na chuo cha hapa Bongo atakwama.

Basi tumemuandikisha, hapahapa Dar, wanafuata IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa). Mama watoto alipenda bwawa la kuogelea, mimi nikambana mratibu wa madarasa ya juu mpaka akatufafanulia: diploma ya mwisho ina masomo sita, na Kiswahili mtoto anaweza kukichukua kama lugha A kabisa, yaani fasihi, sambamba na Kiingereza A, akipata angalau alama 3 kila moja na diploma yenyewe akafaulu, anapewa diploma ya lugha mbili. Kuna shule zinakiweka lugha B tu, ile ni ya mtu anayejifunza, kwa mtoto wa Kitanzania mi naona hapana, ulizeni hilo kabla hamjalipa chochote. Chuo cha hapa anaingia, ila cheti kinapita kwanza NECTA (Baraza la Mitihani) kulinganishwa na vya hapa.

Bibi yake keshatangaza Kiingereza mwisho getini, jana kaambiwa "gudnaiti bibi" akakausha mpaka aliposikia lala salama. Ada msiniulize, shamba la Mkuranga limeshapata mteja.