Vyanzo vya msingi vya mgogoro wa Cuba 1962 navipata wapi?

mwaka_wa3: Wakuu habarini, naandika disatesheni ya mgogoro wa Marekani na Sovieti juu ya makombora ya Cuba 1962, sasa supavaiza kanirudishia chapta nzima kaandika kwa peni nyekundu "vyanzo vya msingi viko wapi?" mi nimetumia vitabu vya watu tu, msaada jamani

popo wa maktaba: Nauli ya Washington weka mfukoni mkuu. Ingia history.state.gov, kuna mfululizo unaitwa Foreign Relations of the United States, chukua juzuu ya XI ya 1961-1963, telegramu na kumbukumbu za vikao bure kabisa. Halafu rais Kennedy alikuwa anarekodi vikao kimyakimya (mjanja yule), sauti zipo maktaba yake Boston

binti K: Usiishie kwa Wamarekani utalishwa upande mmoja. Wilson Center (kituo cha utafiti Washington) walikusanya nyaraka za Kisovieti zikatafsiriwa Kiingereza, tafuta telegramu ya Dobrynin, balozi wa Sovieti Marekani, ya 27 Oktoba kuhusu kikao chake na Robert Kennedy, mdogo wake rais, iweke pembeni ya memo ya Robert kuhusu kikao hichohicho, uone kila mmoja anavyosimulia ishu ya makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Hapo chapta unayo

mwaka_wa3: Dada ubarikiwe, naanza leoleo bando likiruhusu

popo wa maktaba: Na namba ya dokumenti andika hapohapo, mi nilikuja kuzisaka wiki nzima