Nitajuaje kama chuo kikuu kinawafikisha wanafunzi wake mwisho?

Mzazi, Arua
Ndugu zangu, vyuo vikuu vyetu hapa Uganda hutangaza kwa fahari idadi ya wahitimu siku ya mahafali, lakini sijasikia chuo kikitaja ni wangapi walioanza pamoja na hao waliovaa joho. Mwanangu anajiunga mwaka huu. Niulize nini kabla sijalipa karo?

Mhadhiri, Kampala
Mzazi mwenzangu, usikubali kupewa idadi ya wahitimu ikigawanywa kwa wanafunzi wote waliopo chuoni, kwa kuwa chuo kinachopanuka haraka kitaonekana dhaifu na kinachopoteza wanafunzi kitaonekana hodari. Uliza habari za kundi moja: walioingia mwaka 2022 kusomea shahada ya miaka mitatu, ni wangapi waliomaliza 2025, wangapi bado wanarudia masomo, na wangapi hawajulikani walipo. Marekani ina sheria tangu 1990 inayodai takwimu za namna hii, na mwanafunzi wa shahada ya miaka minne hufuatiliwa hadi mwaka wa sita, ingawa aliyehamia chuo kingine akamaliza huko huhesabiwa katika chuo cha kwanza kama ambaye hakumaliza, jambo ambalo mimi naliona ni dhuluma.

Msimamizi wa mitihani, Gulu
Nakubaliana na mhadhiri, ila wengi hupotelea mlangoni mwa chumba cha mtihani. Muhula uliopita ilinibidi nimzuie binti aliyeshika stakabadhi za benki, amelipa karo yote isipokuwa shilingi 180,000. Aliketi kwenye ngazi mpaka karatasi zikakusanywa, kisha akaondoka bila kusema neno. Katika orodha yangu ameandikwa "hakutokea", kana kwamba alilala nyumbani. Mkopo wa serikali, ulioanza mwaka wa masomo 2014/2015, hulipia karo na ada za chuo, lakini chumba na chakula ni juu ya mwanafunzi mwenyewe. Kwa hiyo hata mwenye mkopo anaweza kukwama.

Mzazi, Arua
Nawashukuru. Huyo binti atafanya mtihani huo lini?

Msimamizi wa mitihani, Gulu
Somo litakapofundishwa tena, kwa kawaida mwaka unaofuata, na atalilipia upya.