Kikundi cha familia: Salma na matofali ya Tate

Salma: Jamani ndo natoka Tate Modern, makumbusho ya sanaa hapa London, miguu si yangu tena 😩 kumbe lile jengo lilikuwa kituo cha kufua umeme, dohani bado limesimama vilevile, wakaligeuza makumbusho wakafungua 2000. Kuingia bure ila maonyesho maalumu ndo unalipia

Anko Side: Umeona nini cha maana

Salma: Choo

Bi Zuu: Choo??

Salma: Kile cha ukutani cha wanaume shangazi, msanii Marcel Duchamp alikileta kwenye maonyesho 1917 akakisaini R. Mutt, wakakikataa. Cha kwanza kilipotea, hiki ni nakala ya 1964

Bi Zuu: Yaani cha bandia tena. Haya

Faki: Si ndo haohao Tate walionunua matofali ya yule msanii Carl Andre 1972? Matofali 120, yamepangwa sakafuni tabaka mbili basi, 1976 magazeti yakawajia juu eti pesa za watu zimepotea

Anko Side: Yameshikizwa na nini

Faki: Hayajashikizwa anko

Anko Side: Basi huyo fundi kakimbia saiti 😂😂 mie nimejenga miaka thelathini sijawahi kulipwa kwa kupanga

Salma: Na mie nilikuwa nacheka hivohivo mpaka nikaingia chumba cha mchoraji Rothko, mwanga hafifu, michoro mikubwa ya rangi ya maruni na nyeusi, nikakaa nipumzishe miguu dakika tano tu, nikaja kushtuka karibu nusu saa imepita maana ukitulia ile rangi inaanza kama kupumua, kingo zinasogea, sijui niseme vipi

Faki: Hizo si zilichorwa kwa ajili ya hoteli

Salma: Mgahawa wa matajiri New York, Rothko alipoenda kula pale na mkewe akaghairi akarudisha pesa zao. Baadae akawapa Tate tisa, zimefika London Februari 1970, siku ileile yeye akakutwa amefariki

Bi Zuu: Maskini ya Mungu

Anko Side: Tuma picha tuone

Salma: 📷

Anko Side: Hapa umeziba kamera na kidole

Salma: Ndo yenyewe anko 😭 kwenye simu haitoki

Bi Zuu: Hayo mabenchi yana mgongo?

Salma: Hayana shangazi

Bi Zuu: Basi nitakuja na mto wangu