Ramani za zamani za Magu: mbona zinapishana na picha ya setilaiti?

Mnyantuzu
Habari wakuu. Nina karatasi mbili za ramani ya topografia ya 1:50,000, upande wa Magu, kusini mwa Ghuba ya Speke. Natafuta kaya zilikuwa wapi kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 (watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja). Nimeziskani na kuziingiza QGIS (programu ya ramani ya kompyuta), lakini milima na barabara zote zinakaa kaskazini ya picha ya setilaiti kwa mita 300 hivi. Ufuo ndio haulingani kabisa. Karatasi ina shida au mfumo wa viwianishi niliochagua?

Mpimaji_Nyegezi
Mfumo, mkuu. Ramani hizo zimechorwa kwa Arc 1960 (mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki), nawe bila shaka umeweka WGS84 (mfumo wa GPS) ya kanda 36 kusini (namba 32736 kwenye QGIS). Weka 21036, ambayo ni Arc 1960 ya kanda hiyo hiyo. Usiisogeze ramani kwa mkono, maana inapishana pia mashariki–magharibi kwa makumi ya mita, na ukilinganisha kwa macho utaficha kosa.

Nukta za kufungia ramani ziweke kwenye makutano ya mistari ya gridi (kila mraba ni kilomita 1, yaani sentimita 2 kwenye karatasi). Njia panda ziache, barabara zimehamishwa mara nyingi. Nukta 12 zinatosha, mradi zifike pembe zote nne. Tumia polinomia ya daraja la kwanza (husogeza, huzungusha na kunyoosha ramani nzima bila kuipinda), kisha tazama mabaki, yaani umbali kati ya kila nukta na mahali inapopaswa kuwa: yakizidi mita 15, kuna nukta uliyosoma vibaya au karatasi ina mikunjo. Wengi hapo hukimbilia "thin plate spline" (njia inayopindapinda ramani) kwa kuwa mabaki yanakuwa sifuri. Sifuri hiyo haikuambii kitu, kwani njia hiyo huilazimisha ramani ipite kwenye kila nukta, hata iliyokosewa.

Skani kwa 400 dpi (nukta 400 kwa kila inchi), pikseli moja itakuwa kama mita 3 ardhini. Picha ya simu hupinda pembeni.

Ziwa_Nyanza
Ufuo ni habari nyingine, na wala si kosa. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 1961, ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Pale ambapo ardhi inainuka mita 1 tu kwa kila mita 100, kama tambarare za mdomo wa mto Simiyu, mita 2 zinaupeleka ufuo mita 200 ndani. Kwenye miamba hutaona tofauti. Kwa hiyo soma pembezoni mwa karatasi mwaka wa *picha za anga*, usitegemee mwaka wa kuchapwa; vinaweza kuachana kwa miaka kadhaa. Picha zikiwa za kabla ya 1961, mashamba na vijia vinavyoonekana leo kuishia majini vilikuwa nchi kavu, na hapo ndipo ramani yako ina thamani kubwa kuliko picha yoyote ya setilaiti.

Bibi_Itongo
Kuhusu mahame (makazi yaliyohamwa): kidoti kwenye ramani ni nyumba, si kaya. Mji mmoja wa Kisukuma, yaani makazi ya familia moja, una nyumba kadhaa, kwa hiyo usihesabu vidoti ukapata idadi ya familia. Mahali pasipo kidoti napo usipaite pori. Nyumba ya nyasi chini ya mti haionekani vizuri angani.

Ukifika uwanjani tafuta minyaa, mimea ya utomvu iliyopandwa kuwa ua. Ua wa mji hubaki miaka mingi baada ya nyumba kuanguka, nao hujipanga kwa duara au mstari ambao kichaka cha kawaida hakina. Tazama pia mawe ya kusagia na vigae. Halafu waulize wazee kwa jina lililoandikwa kwenye ramani, ukilitamka kwa namna mbili tatu, kwa sababu wachoraji waliandika walivyosikia. Jina moja laweza kuwa la kilima, la eneo zima au la mwenye mji.

Ramani za Kijerumani za 1:300,000 (zile zinazoandika Muansa na Ussukuma) zinafaa kwa majina na njia za zamani tu. Milimita 1 pale ni mita 300, usipimie nazo mji wa mtu.