Wakazi wa pwani: bahari inasogea, tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nyumba yangu iko karibu na ufuo, na kila bamvua, yaani maji yanapojaa kuliko kawaida, naona ardhi ikimegeka. Tangu 1900 usawa wa bahari duniani umepanda kwa takribani sentimita 20, na kuanzia 1993 kasi imekuwa zaidi ya milimita 3 kwa mwaka. Namba ni ndogo, lakini pwani ikiwa tambarare, maji yakipanda kidogo tu yanaingia ndani mbali sana.

Jirani alijenga ukuta wa zege. Ukuta bado umesimama, ila mchanga wa mbele umekwisha. Wimbi linagonga, linarudi na nguvu zake, linachimba msingi. Ukuta unapoishia, kiwanja cha mwenzake ndicho kinacholiwa sasa, na hilo linaniuma kuliko yote. Nyinyi mmefanya nini?

*

Mkuu, sisi tulianza na mikoko. Mradi ulileta mbegu za aina moja tu, mkoko wenyewe, zile ndefu, kwa kuwa ni rahisi kuziokota na kuzichomeka. Zikachomekwa kwenye tope la mbele kabisa, ambako maji hukaa muda mrefu mno. Karibu zote zilikufa. Wazee walishasema: pale mbele ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, na mkoko wenyewe unakaa nyuma yake. Picha za siku ya kupanda zilipendeza, mwaka uliofuata hakuna aliyerudi kuhesabu.

Kilichotusaidia ni kuzibua mkondo uliokuwa umezibwa na tuta. Maji yakaanza tena kujaa na kupwa kama kawaida, mbegu zikaletwa na maji yenyewe, miche ikaota bila kupandwa na mtu. Kwa hiyo kabla ya kushika mche, chunguzeni maji yanapita wapi.

*

Kwetu shida ilianzia kisimani, nyumba bado zikiwa salama. Chini ya ardhi maji matamu hukaa juu ya ya chumvi kwa kuwa ni mepesi. Mkivuta sana kwa pampu, chumvi inapanda. Tumepunguza kuvuta na tunakinga mvua mapaani. Ladha imepungua ukali, ila haijaisha.

*

Sisi tulihama. Kule Fiji, visiwa vya Pasifiki, kijiji cha Vunidogoloa nacho kilihamishiwa ndani zaidi, mbali na ufuo, mwaka 2014, wengi wanakitaja kama mfano. Ninachoweza kuongeza ni kwamba kujenga nyumba si kazi ngumu sana. Kilicho kigumu ni kuacha makaburi, na wavuvi kubaki mbali na vyombo vyao. Sisi tuliomba tuachiwe njia ya kushukia pwani na mahali pa kuegesha ngalawa, na tukataka iandikwe kwenye makubaliano.

*

Asante mkuu. Na ile ardhi mliyoiacha iko kwa jina la nani sasa? Hapa kwetu watu wanaogopa kuhama kwa sababu wanahofia atakuja mwingine kujenga hoteli palepale.

*

Bado ni ya kijiji. Kwenye makubaliano hayohayo tuliandika kwamba hapajengwi kitu cha kudumu. Mkikaa kikaoni, anzeni na hilo kabla ya kuzungumzia nyumba.